Daftari la wifi: kisa cha muuza katalogi wa Morogoro

Wifi yangu aliniletea daftari lake Jumamosi ya tarehe 16 Machi 2024, wiki ya kwanza ya mfungo, saa kumi jioni, uji wa futari ukiwa bado jikoni. Lilikuwa kaunta ya kwaya mbili, jalada limeng'oka, kurasa zimebanwa kwa mpira wa nywele. Ndani alikuwa ameandika kila kitu: majina ya wateja, bidhaa, bei, nauli, mpaka pesa ya vocha. Aliyemaliza kulipa aliwekewa alama ya vema mbele ya jina lake. Nilipekua kurasa sita mfululizo nikahesabu alama nne.

"Wifi, wewe ni mtu wa mahesabu," akaniambia. "Nitazamie nawadai nini hawa watu."

Hawa watu ni kampuni ya vipodozi aliyokuwa anaiuzia kwa katalogi tangu katikati ya 2021. Tarehe 11 Desemba 2023 walifunga namba yake ya uwakilishi, kwa maelezo kwamba alipitisha vipindi vitatu vya katalogi bila kuagiza mzigo. Watu 11 aliowaandikisha mwenyewe kuwa wauzaji chini yake, mmoja mmoja, kwa miguu yake, wakahamishiwa kwa kiongozi aliyemwandikisha yeye. Hakukuwa na barua wala simu. Aligundua siku aliyotaka kuagiza manukato ya mteja wa Kihonda, simu ikamwambia namba haipo.

Mimi ni mhasibu wa SACCOS, chama cha akiba na mikopo, kazi niliyoifanya miaka tisa, na nimezoea madaftari ya watu. Wifi ameniruhusu kuandika kisa hiki ilimradi jina lake na la kampuni nisiyataje. Nimeona niandike kwa urefu kwa sababu wako wengi wanaofanya kazi hii, maofisini, mahospitalini, vyuoni, na karibu wote huiita biashara bila kuwahi kukaa na kalamu. Yeye alikuja na swali la namba iliyofungwa. Daftari likatupeleka kwenye swali lingine ambalo mimi naliona kubwa zaidi: ni nani, miaka yote hiyo, alikuwa anamkopesha nani?

Pesa ilivyokuwa inatembea

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Kila mwezi inatoka katalogi mpya. Mwakilishi anainunua kwa pesa yake, anaipeleka kwa watu, watu wanachagua. Wifi alikuwa na njia yake: Jumatatu na Jumanne hospitali na zahanati, Jumatano shule mbili za msingi za Mazimbu, Alhamisi Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA), Jumamosi Soko la Chifu Kingalu. Zile kurasa za manukato ukizisugua kwa kidole zinanukia. Basi katalogi ikishazunguka wodi nzima inarudi imefifia, kila ukurasa una alama za vidole, na haifai tena kumwonyesha mteja mwingine. Ndiyo maana alihitaji sita kwa mwezi.

Akishakusanya oda anatuma Dar es Salaam kwa simu na kulipa hapohapo. Kampuni haikopeshi. Mzigo hautoki stoo mpaka pesa ionekane. Unapakiwa kwenye basi, unateremshwa stendi ya Msamvu, naye anaufuata kwa bajaji na kuanza kusambaza.

Sasa mteja. Nesi anapokea losheni yake tarehe 9 na kusema, "Dada, mshahara ukitoka." Mwalimu anachukua seti nzima ya uso na kulipa nusu. Mwanafunzi anasubiri boom, yaani pesa ya mkopo wa chuo. Hao wote ni watu waungwana, na wengi wao hulipa kweli, ila hulipa baada ya wiki tatu, tano, nane. Na muuza katalogi akikataa kukopesha hauzi. Nilimuuliza wifi kama aliwahi kujaribu. Alijaribu Oktoba 2021, akabandika kwenye picha ya WhatsApp maneno "Pesa mkononi tu". Oda za mwezi huo zilikuwa tatu.

Wafanyabiashara wa nchi hii wanaijua mali kauli. Mwenye duka la jumla Kariakoo anakupa mzigo kwa maneno tu, unaenda kuuza mkoani, ukirudi unamlipa na kuchukua mwingine. Uaminifu unaanzia kwake aliye na mtaji mkubwa na kushuka kwako. Katika kazi ya wifi mali kauli ilikuwa ya upande mmoja. Yeye aliwapa wateja kwa kauli, lakini yeye mwenyewe hakupewa na mtu. Kampuni, yenye mtaji kuliko wote, ililipwa ya kwanza na kwa ukamilifu. Aliyebaki katikati akishika deni la manesi na walimu wa Morogoro ni mama mmoja anayeuza barafu na ubuyu nyumbani kwake. Kazi ya idara nzima ya mikopo, pamoja na hasara zake, aliifanya yeye, bure.

Machi 2023

Niliomba tuchague mwezi mmoja aliouona mzuri. Akachagua Machi 2023 bila kufikiri. Ramadhani ilianza mwishoni mwa mwezi huo na watu walikuwa wanaagiza mapema manukato ya Idi. Aliuza bidhaa za 640,000 kwa bei ya katalogi. Yeye ananunua kwa punguzo la asilimia 25, kwa hiyo alilipa kampuni 480,000. Tofauti ni 160,000. Hiyo ndiyo aliyoiita faida, na ndiyo aliyokuwa anawatajia aliotaka kuwaandikisha.

Iangalie hiyo 160,000. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza kutumika 1 Januari 2023 iliweka 150,000 kwa mwezi kwa sekta ya biashara na viwanda. Kwa hiyo mwezi huo wifi alionekana kumpita msaidizi wa dukani anayelipwa kima cha chini, tena bila bosi na bila kusimama kutwa. Ningekuwa mimi ndiye ninayeandikishwa, ningejiandikisha.

Halafu tukaanza kutoa. Katalogi sita, 18,000. Vifurushi viwili vya basi, 10,000. Bajaji, bodaboda na daladala kwa mwezi mzima, 31,500. Makato ya kutuma na kutoa pesa, 7,500. Bando, 15,000. Vichupa vya kuonjesha, ambavyo kampuni inamuuzia na yeye anawapaka wateja bure, 12,000. Jumla 94,000. Zikabaki 66,000.

Hapo wifi aliniangalia tu. Nauli alikuwa anaiandika, lakini ilikuwa kwenye ukurasa wake peke yake na hajawahi kuijumlisha na kitu chochote.

Tukaendelea. Walikuwapo wasichana wawili waliomsaidia kuuza, nitawarudia, ambao mwezi huo waliuza bidhaa za 200,000 kwa makubaliano ya asilimia 5. Hiyo ni 10,000. Zikabaki 56,000. Kati ya oda za Machi zipo za 38,000 ambazo hazikulipwa mpaka siku ile tumekaa, mwaka mmoja baadaye. Zikabaki 18,000.

Na bado ndoo. Chini ya kitanda chake kuna ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, imejaa krimu, sabuni za kunawia uso na lipstiki za rangi ambazo hakuna aliyeziagiza. Kila mwisho wa kipindi kuna pointi za kufikisha. Usipofikisha hupati zawadi yako, na kiongozi wako naye zake zinapungua, kwa sababu za timu zinahesabiwa pamoja. Tarehe 29 Machi saa tatu usiku kiongozi alimpigia: "Mpenzi, umebakiza pointi 18 tu, usituangushe." Wifi akanunua bidhaa za 55,000 kwa pesa ya kodi ya nyumba. Nataka niseme haki ya kampuni hapa: zawadi ilikuja kweli, Aprili, kama punguzo la 24,000 kwenye mzigo uliofuata. Lakini tazama kilichotokea. Alitoa 55,000 taslimu ili apate 24,000 za kununulia bidhaa nyingine za kampuni hiyohiyo. Ndoo haikuanza mwezi ule. Tulipoifungua, krimu tano zilikuwa zimepita tarehe.

Tuhesabu kwa ukarimu. Tuchukue ile 18,000, tuongeze zawadi 24,000, na ndoo tuiache kabisa kama vile vilivyomo vingeuzika vyote. Tunapata 42,000. Saa alizofanya kazi tulizikadiria kwa makini, nikimbana kila alipotaka kuongeza: siku 22, saa 4 kwa siku, jumla saa 88. Haimo ndani yake mikutano ya WhatsApp ya Jumatatu usiku. Ni shilingi 477 kwa saa. Kile kima cha chini cha 150,000, ukikigawa kwa saa za kazi za mwezi, ni kama shilingi 769. Na huo ndio mwezi mzuri.

Hesabu hii haisemi kwamba wifi alidanganywa juu ya bidhaa. Bidhaa zilikuwa nzuri, mzigo ulifika, iliyovunjika njiani walibadilisha. Lakini kile alichokiita faida hakikuwa faida. Faida ni kinachobaki baada ya kila aliyefanya kazi kulipwa, na wifi mwenyewe alikuwa hajalipwa. Ile 160,000 ilikuwa nauli, katalogi, hasara ya mikopo na ujira wa mama mmoja, vyote vimewekwa kwenye bahasha moja iliyoandikwa faida.

Goti

Agosti 2023 bodaboda aliyopanda iliteleza barabara ya Mazimbu. Goti la kulia lilivimba akakaa ndani siku 19. Chupa ya manukato aliyokuwa anampelekea mteja ilivunjika kwenye mkoba, na khanga aliyovaa, hata baada ya kufuliwa mara mbili, ilinukia karibu wiki. Chupa ile, 23,000, aliilipa yeye.

Mwajiriwa aliyekamilisha muda unaotakiwa ana likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Aliyeumia akiwa kazini anafidiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao wanaochangia ni waajiri. Wifi hakuwa na kimoja kati ya hivyo. Alipomwambia kiongozi kuhusu goti, alijibiwa pole nyingi na emoji za maua, na tarehe 29 akapigiwa simu ya pointi kama kawaida. Alipitisha kipindi kile bila kuagiza. Kikawa cha kwanza kati ya vile vitatu.

Pengo la mwezi ule aliliziba kwa kausha damu, yaani mkopo wa mtaani wa riba kubwa. Alishawahi kuwa kwenye kikundi kilichotarajia ile mikopo ya halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, lakini Serikali iliisitisha Aprili 2023 ili kupanga upya utaratibu. Akachukua 200,000 mtaani, friji ikiwa dhamana, kurudisha 65,000 kila wiki kwa wiki nne. Alilipa 260,000. Fedha ile ilienda wapi? Kulipia mzigo uliofuata, wa wateja ambao nao walimwambia mshahara ukitoka. Kwa maneno mengine alikopa kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi ili akopeshe wengine bila riba. Katika miaka yangu tisa ya SACCOS sijaona mkopeshaji mwenye hasara kama hiyo, na yeye alikuwa hajui kwamba ni mkopeshaji.

Je, alikuwa mwajiriwa?

Hapa ndipo swali lake la kwanza linaporudi. Alipojiunga alibonyeza kwenye simu kwamba anakubali masharti, na masharti yalimwita "mwakilishi huru". Watu wengi wanadhani neno hilo linamaliza mjadala. Kwa sheria ya Tanzania halimalizi.

Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, kinasema mtu anayemfanyia mwingine kazi au huduma atachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, bila kujali mkataba wao umeandikwaje, kama likipatikana hata jambo moja kati ya yaliyotajwa. Yako saba: namna anavyofanya kazi inaongozwa na huyo mwingine, saa zake zinapangwa na huyo mwingine, yeye ni sehemu ya taasisi hiyo, amemfanyia kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kiuchumi, amepewa vifaa vya kazi, anamfanyia kazi huyo mmoja tu.

Nilipomsomea wifi kifungu hiki aliketi wima. Saa 45? Yeye ana 88. Nami nilisisimka, lakini wakili wa upande wa pili angeanza na neno moja: kununua. Wifi alinunua bidhaa, zikawa mali yake, akaziuza. Je, saa zile 88 alikuwa anaifanyia kampuni kazi au anauza mali yake mwenyewe? Mangi wa duka la mtaani naye anauza soda za kampuni moja kutwa nzima na hakuna anayemwita mwajiriwa wa kampuni ya soda.

Jibu langu ni kwamba Mangi anapanga bei yake. Anauza na mkate, na unga, na soda za kampuni shindani. Wifi alikatazwa kutangaza bei chini ya ile ya katalogi, alikatazwa kuuza katalogi nyingine, alipewa pointi za kufikisha na mtu wa kumfuatilia usiku. Na Mangi akiugua mwezi mmoja, wateja wake hawahamishiwi duka la jirani kwa kubonyeza kitufe. Kwa maoni yangu hoja ya kumfanyia kazi mmoja tu na hoja ya kuongozwa zina nguvu kuliko ile ya saa. Hoja ya vifaa inamwangusha, maana hata katalogi alinunua. Ya kumtegemea kiuchumi iko nusu kwa nusu kwa sababu ya barafu na ubuyu. Saa zake alijipangia mwenyewe, hilo hakuna ubishi. Ningekuwa mwamuzi ningeisikiliza kesi hii kwa uzito. Lakini kumwambia wifi kwamba lazima angeshinda kungekuwa uongo.

Dunia imeshaliona tatizo hili. Aina hii ya uuzaji ina umri mkubwa: mwaka 1886 huko New York, David McConnell, aliyekuwa muuza vitabu wa nyumba kwa nyumba, alianzisha kampuni ya manukato ambayo baadaye iliitwa Avon, akamtegemea mama mmoja wa Winchester, New Hampshire, P.F.E. Albee, kuuza na kuandikisha wanawake wengine. Huko Brazil, mtafiti Ludmila Costhek Abílio aliwachunguza wauzaji wa Natura, kampuni ya vipodozi ya huko, ambao walikuwa wamefika milioni 1, na akaonyesha jinsi kazi hii inavyojificha ndani ya kazi nyingine na ndani ya maisha ya nyumbani hata anayeifanya asiione kuwa ni kazi. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka nesi mmoja aliyekuwa kwenye timu ya wifi, anayeuza katalogi zamu ya usiku, kati ya dripu na dripu. Na Oktoba 2018 mkutano wa wanatakwimu wa kazi ulioitishwa na Shirika la Kazi Duniani, Geneva, ulikubali kundi jipya la kuhesabu watu wa namna hii, wanaoitwa huru lakini riziki yao inamtegemea mwingine anayepanga bei na masharti. Kuhesabiwa kwenye takwimu si kulipwa, lakini angalau lina jina.

Kwa wifi, hata hivyo, muda ulikuwa umekwisha. Mgogoro wa kuachishwa kazi unafikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, migogoro mingine ndani ya siku 60. Kuanzia tarehe 11 Desemba mpaka siku aliyokuja kwangu zilikuwa zimepita siku 96. Unaweza kuomba kuongezewa muda ukiwa na sababu ya msingi, na sababu yake ilikuwa kwamba hakujua kama ana haki ya kwenda. Nilimwambia tujaribu. Msaidizi wa kisheria tuliyemwendea naye alisema fomu ijazwe, kukataliwa hakugharimu. Wifi alifikiri siku mbili akasema hapana. "Nitagombana na watu niliokula nao, wifi, na kiongozi ni jirani wa mama." Sikukubaliana naye, na bado sikubaliani, lakini goti ni lake na jirani ni wake.

Wasichana wawili

Nimesema nitawarudia. Mmoja alimaliza kidato cha nne na anakaa nyumba ya tatu kutoka kwa wifi. Mwingine alikuwa mwanafunzi SUA. Wifi aliwapa katalogi, akawaelekeza wapi waende, akawaambia bei ya kuuzia, akawakataza kuuza cha mtu mwingine, na akawaahidi asilimia 5 mteja akishalipa. Mteja akishalipa! Yule wa jirani alikuwa anatoka saa mbili asubuhi kurudi saa nane, siku nne kwa wiki, kwa miguu.

Nilikisoma kifungu cha 61 mara ya pili, kwa sauti, nikiweka jina la wifi mahali pa kampuni na jina la msichana mahali pa wifi. Anaongozwa: ndiyo. Saa 45 kwa mwezi: zinapita mara mbili. Amepewa vifaa: ndiyo, katalogi. Anamfanyia kazi mmoja tu: ndiyo. Na huyu hakununua bidhaa yoyote, kwa hiyo ile hoja ya kununua na kuuza, iliyoweza kuiokoa kampuni, haiwezi kumwokoa wifi. Katika mlolongo wote, mtu mwenye hoja nzito kuliko wote ya kusema "mimi ni mwajiriwa" alikuwa binti wa jirani, na aliyekuwa mwajiri wake ni mama aliyekuja kwangu akilia kwamba amedhulumiwa.

Wifi alikasirika. Alisema aliwasaidia watoto wale wasikae bure. Ni kweli, aliwasaidia. Na kiongozi naye atakuwa anasema hivyohivyo juu ya wifi. Hatari ya mteja kutolipa ilitoka kampuni ikamwangukia wifi, na wifi kwa asilimia 5 yake akaiteremsha mpaka kwa binti wa miaka 19 asiye na hata simu ya kumdai nesi.

Tukafungua kurasa za kuanzia Juni mpaka Novemba 2023. Binti wa jirani alikuwa ameuza bidhaa za 550,000. Asilimia 5 yake ni 27,500. Alicholipwa: losheni moja, Septemba, "kwa kuanzia". Yule wa SUA alikuwa amelipwa yote, kwa sababu alikuwa anajua kudai.

Mfungo uliobaki tuliutumia kukusanya madeni. Daftari lilikuwa na wadaiwa 17, jumla 412,000. Niliandika ujumbe mmoja mfupi wa heshima, na wifi akautuma kwa kila mmoja kwa jina lake, pamoja na tarehe na kiasi. Tisa walilipa, jumla 163,000, baadhi wakiomba radhi kwamba walidhani wamemaliza. Nesi mmoja aliyehamishiwa Katavi akiwa na deni la 86,000 alisoma, tukaona alama mbili za bluu, akanyamaza.

Siku mbili kabla ya Idi wifi alimwita binti wa jirani barazani. Nilikuwepo na daftari mapajani. Tulimsomea ukurasa kwa ukurasa, oda kwa oda, akiitikia kwa kichwa kila tulipotaja jina alilolikumbuka. Wifi akamhesabia 27,500 mkononi. Binti akazihesabu tena taratibu, akazikunja ndani ya khanga, halafu akauliza:

"Na ile losheni, shangazi, hamjaikata?"

Wifi akasema hatuikati. Akachukua kalamu yangu, akaweka alama ya vema mbele ya jina la yule binti.